Barua ya wazi: Mvua inayoua Njorowa hainyeshi Njorowa

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori; Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Lang'ata; Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner; na Gavana wa Kaunti ya Nakuru.

KUH: USALAMA WA WATEMBEZI NA WAKWEAJI KATIKA KORONGO LA NJOROWA

Waheshimiwa,

Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla katika Korongo la Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019, watu wengine saba wakasombwa na kufa katika korongo lilo hilo, akiwemo mwelekezi wa eneo hilo aliyekuwa pamoja nao. Mkasa wa kwanza ulitokea wakati wa masika, mwezi ambao kila Mkenya hutazamia mvua. Wa pili ulitokea mwezi ambao mkulima wa Kiambu bado anangoja vuli. Kalenda haikuwaokoa hawa wala wale.

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Nairobi ninayetembea milimani na kukwea miamba, na ninayewafundisha vijana wadogo kufunga kamba na kuaminiana. Siandiki ili kulaumu. Askari wa mbuga na wenyeji waliingia kwenye tope kuwatafuta waliopotea, na hilo ni haki lisemwe kwanza. Naandika kwa sababu ya jambo moja ambalo likishikwa barabara, mengi mengine yatajipanga nyuma yake: mvua inayoua watu ndani ya Njorowa hainyeshi ndani ya Njorowa. Hunyesha juu, kwenye miteremko ya upande wa Longonot na vilima vya Olkaria, wakati aliye chini akiinua uso anaona ukanda wa mbingu safi katikati ya kuta mbili. Anayengoja kuona wingu ndipo atoke, atakuwa amechelewa. Kwa hiyo onyo haliwezi kutoka kwa mtembezi, wala kwa mwelekezi aliye naye mle chini. Lazima litoke juu, na lazima litangulie maji.

Yeyote aliyeteremka humo anajua lilivyo zuri. Zamani sana, ziwa kubwa kuliko Naivasha ya leo lilijaa bondeni, na maji yake yakatafuta njia ya kusini, yakichonga majivu na lava. Ziwa lilipopungua, njia ikabaki: kuta za kahawia na kijivu zilizolambwa na maji hadi zikawa laini, vijito vya maji moto vinavyotoka ubavuni mwa mwamba, na mahali pembamba ambapo mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Nimewaona watoto wa Kayole na Mathare wakifika hapo wakanyamaza, wakabaki kupapasa mwamba tu.

Sasa tuutazame mwamba huo huo kwa jicho la usalama. Ule wembamba unaotuvutia ndio unaoinua maji. Kijito kinachofika kwenye vifundo vya miguu penye nafasi, pakibana kinapanda hadi kifuani, kwa sababu hakina pa kutanuka. Ule ulaini unaopendeza kwenye picha ndio unaomnyima mtu pa kushika. Kina kinachotupa kivuli saa sita mchana kinazuia mawimbi ya simu. Njia za kutokea ni chache, na mgeni hawezi kuzitambua katika zile sekunde anazokuwa nazo pindi anaposikia ngurumo nyuma ya kona.

Udongo wa huko nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kutoka Suswa hadi Naivasha imefunikwa na majivu ya volkeno, mepesi, yanayochukuliwa na maji bila kuleta upinzani. Machi 2018 sote tuliona picha za ufa mkubwa uliofunguka karibu na Suswa baada ya mvua nyingi, ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba maji yalikuwa yameyasomba majivu yaliyojaza nyufa za kale. Mafuriko yanayopita katika udongo wa namna hiyo hayaji yakiwa maji matupu. Huja yakiwa tope, mawe na magogo. Hata anayejua kuogelea hana lake.

Tena mwishoni mwa Aprili 2024, huko huko Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekwama kwenye tuta la reli yalipasua njia usiku na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Pale si mbugani, na waliokufa hawakuwa watalii. Nalitaja kwa sababu sura yake ni ile ile: maji yalikuwa juu, watu walikuwa chini, na hapakuwa na sauti yoyote iliyotoka juu ikafika chini kwa wakati.

Nimesoma sana kuhusu makorongo ya nchi nyingine, hasa yale ya mawe ya chokaa ambayo wakweaji wa dunia nzima huyaota. Sisi chokaa tunaijua zaidi kwa saruji ya Athi River, lakini huko Ulaya imejenga majabali ya ajabu. Maji ya mvua, yakiwa na tindikali kidogo ya kaboni, huyeyusha chokaa polepole kwa mamilioni ya miaka, yakitoboa mapango na mianya, hadi paa la pango linaporomoka au mto unaikata nchi kama kisu. Mwamba unaobaki ni mgumu, wenye vishimo vya kutosha ncha za vidole, na hushika vizuri bolti, yaani vyuma vinavyopigwa mwambani ili kamba ifungwe. Njorowa si chokaa. Mwamba wetu ni wa volkeno, na ndani ya korongo lenyewe sehemu nyingi ni majivu yaliyoshikana tu, yasiyofaa kukwewa. Kwa hiyo sisemi tuige mwamba wa watu. Nasema tutazame jinsi wanavyowaongoza watu ndani ya mwamba wao.

Kusini mashariki mwa Ufaransa kuna Korongo la Verdon, lenye kuta zinazofika mita 700. Mfaransa mchunguzi wa mapango, Édouard-Alfred Martel, alilipitia mwaka 1905 na wenzake, na njia ya miguu inayobeba jina lake hadi leo hupita kwenye mahandaki ya giza, kando ya mto, na kwenye ngazi za chuma zilizopigwa ukutani. Pale Brèche Imbert ngazi hizo zina vidato 252. Juu ya korongo yamejengwa mabwawa ya umeme, Castillon na Chaudanne. Maji yakifunguliwa huko, mto wa chini hupanda hata siku ya jua kali. Ndiyo sababu kando ya mto wameweka mabango yanayomwambia mtembezi kwamba maji yanaweza kupanda ghafla wakati wowote, hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Hawakumwachia aangalie mawingu. Walimwambia wazi kwamba mawingu hayatamsaidia.

Na kisiwani Krete, Ugiriki, kuna Korongo la Samaria, la chokaa pia, mbuga ya kitaifa tangu 1962. Ni mwendo wa kilomita 16 hivi kutoka uwanda wa Omalos hadi kijiji cha Agia Roumeli baharini, na mahali pamoja kuta zinakaribiana hadi mita chache tu huku zikipanda mamia ya mita. Hufunguliwa kwa kawaida kuanzia Mei hadi Oktoba. Majira ya mvua hufungwa, na hata katikati ya msimu hufungwa kwa siku moja ikitabiriwa mvua, kisha hufunguliwa kesho yake. Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo dogo kabisa. Kila anayeingia hupewa tiketi, akaambiwa asiitupe. Akifika upande wa pili anaikabidhi kwa walinzi. Jioni walinzi wanajua kama kuna mtu aliyebaki ndani. Basi. Hakuna mtambo, hakuna mkopo wa Benki ya Dunia.

Waheshimiwa, hapa kwetu malipo ya kuingia mbugani yanafanyika kwa simu. Maana yake ni kwamba mnajua nani ameingia Hell's Gate, saa ngapi, na kwa namba gani ya simu. Naomba hesabu ile ile inayofanywa kwa ajili ya fedha ifanywe kwa ajili ya uhai. Mdomoni mwa korongo pawe na meza, daftari na mtu. Anayeteremka aandikwe, anayepanda afutwe. Kundi la watu arobaini lisiteremke kwa mkupuo mmoja. Liingie kwa vikosi vidogo, kila kimoja na mwelekezi wake, na kabla cha pili hakijashuka, cha kwanza kiwe kimepita penye wembamba. Nimekuwa kwenye safari moja, ya mwandalizi nisiyetaka kumtaja, ambapo ilipofika wakati wa kupanda basi kurudi Nairobi hakuna aliyejua kwa hakika tulikuwa wangapi asubuhi. Tulisimama gizani tukiita majina. Wote walipatikana, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na baridi ambayo haikutokana na hewa.

Hapo pia ningependa mtazame jinsi matembezi yalivyobadilika hapa Nairobi. Zamani michezo hii ilionekana kuwa ya wageni na ya wachache wenye magari. Mountain Club of Kenya ipo tangu 1949, na wengi wetu tunaokwea leo tumefuata njia zilizofunguliwa na wanachama wake, pale Lukenya na kwenye kuta za Hell's Gate. Lakini leo kila Jumamosi alfajiri utakuta matatu za kukodi zimepangana katikati ya mji, vijana wamebeba maji, ndizi na chapati, wanakwenda Ngong, Longonot, Kilimambogo, Kereita. Vyama vya akina mama vinakwenda. Wafanyakazi wa benki wanakwenda, na makanisa yanapeleka vijana. Hell's Gate inapendwa kuliko nyingi kwa sababu tangu ilipotangazwa mbuga mwaka 1984 imekuwa mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo mwananchi asiye na gari anaweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, akapita karibu na pundamilia, na kurudi Nairobi jioni hiyo hiyo. Kwa kijana wa mtaani hiyo ni zawadi kubwa sana, nami nawashukuru kwa kuitunza.

Zawadi hiyo ina upande wa pili. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza tangazo lenye picha nzuri, akakusanya pesa, akaongoza watu hamsini korongoni bila kujua huduma ya kwanza, bila kamba, bila kuuliza hali ya hewa. Wengi wa waandalizi hawa ni watu wema wanaoupenda mlima. Hawajawahi kuambiwa tu. Kaunti na KWS zinaweza kuwaita, kuwafundisha siku mbili, kuwapa cheti, na kuweka sharti kwamba kundi linalozidi idadi fulani lazima liongozwe na mwenye cheti hicho. Wengi wetu tutakuja kufundisha bila malipo.

Sasa nije kwenye ombi lililo kubwa kuliko yote, lile la onyo kutoka juu.

Naomba vipima mvua viwekwe kwenye miteremko inayomwaga maji Njorowa, viunganishwe kwa redio na lango la mbuga, na ndani ya korongo pawekwe ving'ora penye wembamba na penye njia za kutokea. Mvua ya juu ikizidi kiwango kitakachowekwa na wataalamu, king'ora kilie, bila kungoja mkubwa apigiwe simu. Idara ya Hali ya Hewa inao watu wanaojua kazi hii, na utabiri wa kaunti hutolewa mara kwa mara kutoka pale Dagoretti Corner. Lakini utabiri unaosema mvua itanyesha sehemu za Nakuru haumsaidii aliye chini ya ukuta saa nane mchana. Anachohitaji kujua ni kama inanyesha sasa hivi juu ya kichwa cha korongo.

Kama fedha za mitambo hazipo mwaka huu, anzeni na watu. Juu ya korongo kuna watu kila siku. Kuna wafugaji wa Kimaasai wanaopeleka mifugo kwenye miteremko ile na wanaoliona lagga, yaani mkondo mkavu wa maji ya mvua, likianza kujaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna wafanyakazi wa kampuni ya umeme ya KenGen huko Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, na mitambo ile hailali, usiku wala mchana. Watu wawili watatu wakipewa redio na posho, na masafa ya moja kwa moja hadi mdomo wa korongo, tutakuwa na onyo wiki ijayo. Sioni sababu ya kungoja bajeti ya mwaka mwingine kwa jambo linaloweza kuanza kwa redio tatu.

Onyo lisilo na mahali pa kukimbilia ni mateso tu. Kwa hiyo kila baada ya umbali mfupi katika sehemu nyembamba pawe na ngazi ya chuma iliyopigwa kwenye mwamba imara, inayompandisha mtu juu ya alama ya maji, hata kama haimfikishi kileleni. Mtu anahitaji kupanda mita kadhaa na kukaa hapo saa moja au mbili hadi maji yapite. Alama ya mafuriko ya zamani iko wazi ukutani kwa anayejua kuitazama. Ipakwe rangi. Kila anayepita aone maji yaliwahi kufika wapi, na aone ngazi iko upande gani. Mabango yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida na kwa Kimaasai.

Na waelekezi. Huyu mwelekezi aliyekufa 2019 simjui, wala sitamtaja jina, lakini nimemfikiria mara nyingi. Vijana wa Kimaasai wanaoongoza watu Njorowa wanalijua korongo kuliko sisi sote. Wanajua jiwe gani linateleza, maji gani ya moto yanachoma. Lakini kulijua korongo hakumpi mtu kamba, wala redio, wala kofia ngumu, wala mamlaka ya kumwambia mgeni aliyelipa, "Leo hatushuki." Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Mwelekezi anayelipwa kwa kichwa cha mgeni, siku ambayo nyumbani hakuna unga, atamkatalia vipi mgeni kwa sababu ya wingu lililo mbali Longonot? Tunamtwika uamuzi wa uhai na mauti mtu ambaye akiamua vizuri analala njaa. Naomba siku korongo linapofungwa kwa sababu ya mvua, waelekezi walioandikishwa walipwe angalau sehemu ya ujira wao kutoka kwenye ada za mbuga. Wapewe redio. Wafundishwe kutumia kamba kumvuta mtu kutoka majini na kumshusha majeruhi ukutani. Wapewe bima. Na neno lao la kukataa liwe la mwisho, hata aliyekuja awe mkubwa kiasi gani.

Mafunzo ya kamba tunaweza kuyatoa sisi wakweaji wa Nairobi. Tuna vifaa, na tuna watu waliofundishwa uokoaji. Tusichoweza ni kufika kwa wakati. Kutoka Nairobi hadi Hell's Gate ni kilomita 90 hivi, na kwa barabara ya Naivasha siku ya Jumapili jioni kila mmoja wetu anaijua foleni. Maji yanamaliza kazi yake kwa dakika. Timu ya uokoaji inayofaa ni ile inayoishi pale pale, na watu hao tayari wapo, wanasimama langoni kila asubuhi wakingoja wageni.

Kuhusu kukwea kwenyewe nina machache. Ukuta Mkuu na Mnara wa Fischer, majabali tunayoyakwea mbugani, viko nje ya korongo, kwa hiyo mafuriko si hatari yao kuu. Mnara huo, wa mita 25 hivi, una jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapo 1883. Wamaasai wana habari yake ya kale zaidi, ya binti aliyekatazwa kugeuka nyuma siku ya kupelekwa kuolewa, akageuka, akawa jiwe. Hatari za kule ni nyuki, mawe yanayomeguka, na bolti za zamani ambazo mtu hajui ziliwekwa lini. Nyuki wa kuta zile wanajulikana na kila mkweaji wa nchi hii. Daftari moja langoni, linaloandikwa na kila anayekwea, likieleza wapi nyuki wamehamia, jiwe gani limelegea na bolti gani imetikisika, lingetusaidia kuliko katazo lolote. Na pale tumbusi na tai wanapotaga, tutangazieni mapema sehemu zilizofungwa. Huko Verdon, ambako tumbusi walirudishwa kuanzia 1999, wakweaji wamezoea kuacha sehemu za kuta kwa ajili ya ndege. Nasi tutaacha. Ni kwao kabla hapajawa kwetu.

Najua wapo watakaowashauri mfunge korongo moja kwa moja. Ushauri huo unatokana na uchungu, na mimi siwezi kumbishia mzazi aliyezika mtoto. Lakini nimekaa na vijana wa kutosha kujua watakachofanya. Watatafuta korongo lingine. Nchi hii ina mabonde membamba mengi yasiyo na lango, yasiyo na askari, yasiyo na hata mtu wa kuuliza "mko wangapi?" Watakwenda huko wakiwa na simu yenye chaji nusu na maji ya chupa moja. Njorowa ndilo korongo tulilo nalo ambapo kijana anaweza kufundishwa kuliheshimu korongo, akiwa na mtu mzima karibu yake.

Kufunga kwa msimu ni jambo tofauti kabisa, na hilo naliunga mkono. Fungeni Aprili na Mei yote. Fungeni siku yoyote ya mwaka ambayo vipimo vya juu vinasema hivyo, hata kama ni sikukuu, hata kama mabasi ishirini yameshafika langoni, na mturudishe nyumbani. Tutanung'unika. Watu watataka pesa zao, na ni vyema pawe na utaratibu wa kuzirudisha au kuhamisha tarehe, kwa sababu aliyelipa kwa shida atakuwa mwepesi wa kubembeleza aruhusiwe ateremke "kidogo tu".

Lipo ombi moja la mwisho, nalo halihitaji chuma wala redio. Baada ya mikasa miwili ya aina moja, wananchi wanahitaji kusoma kwa ukamilifu nini kilichunguzwa, nini kilipendekezwa, na nini kimeshafanywa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Taarifa zozote za uchunguzi wa 2012 na 2019 ziwekwe mahali ambapo mzazi wa Githurai anayeombwa na kanisa lake asaini ruhusa ya mtoto anaweza kuzisoma, kwa lugha anayoielewa, kabla hajasaini.

Naomba kikao kabla ya mwezi Machi, kabla masika hayajaanza. Waelekezi wa Njorowa wawe mezani, wasikalishwe nyuma ya ukumbi. Wafugaji wa miteremko ya juu wawepo, na wataalamu wa Dagoretti Corner, na watu wa Olkaria. Tunaweza kukutana Lang'ata, lakini ningependelea tukutane Naivasha, asubuhi, kisha twende wote juu ya korongo kwa miguu hadi kule maji yanakoanzia, tukubaliane papo hapo kipima mvua cha kwanza kitasimama wapi na nani atashika redio. Mimi nitakuja, na wakweaji wenzangu watakuja na kamba za mafunzo.

Wenu mwaminifu,

Mkwea miamba, mkazi wa Kasarani, Nairobi